Goroka na shati moja

Kutoka Port Moresby mpaka Goroka hakuna barabara, ni ndege tu, nami nikashuka salama ila begi langu halikushuka, kwa hiyo nyanda za juu za Papua New Guinea nimezizunguka na shati lile lile nililosafiri nalo. Na usiku kule kuna baridi, mji uko kama mita 1,600 juu.

Goroka Show, tamasha la makabila ya huko kujipamba, kuimba na kucheza, ipo tangu 1957, hufanyika mwezi wa 9 karibu na tarehe 16 ambayo ndo siku yao ya uhuru. Mwenyeji wangu akaniambia twende mapema, nikaona ananizingua tu, saa 1 asubuhi nikafanye nini uwanjani? Kumbe uhondo wote uko hapo. Watu wamekaa kwenye nyasi wanajipamba, kuna mzee wa Kihuli, moja ya makabila ya huko, kashika kipande cha kioo kilichovunjika anajipaka udongo wa njano usoni kwa kidole kimoja, taratibuuu, halafu akavaa wigi lao lile la nywele za watu kabisa, akaanza kuchomeka manyoya ya ndege moja moja, likikaa vibaya anachomoa anaanza upya. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Uwanjani sasa ni fujo tupu, hakuna cha kupokezana, kila kundi linaimba lake na ngoma zao wakati huo huo (ngoma yenyewe inaitwa kundu, Waswahili tulieni), unasikia tu kifua kinatetemeka. Katikati ya kelele zote hizo wakapita watu wa Asaro, wamejipaka tope jeupe mwili mzima, vichwani vinyago vya udongo, vidoleni vipande virefu vya mianzi, na hawasemi kitu. Wananyata tu. Watoto wakanikimbilia mgongoni kujificha, na mimi nilikuwa natafuta wa kujificha mgongoni kwake.

Baadaye mmoja akavua kinyago, jasho linamchuruzika, akanisemesha kwa lugha yao ya Tok Pisin sikuambulia kitu, kumbe anataka nimshikie anywe maji. Aisee kile kitu kizito! Mkono mmoja hautoshi, ikabidi nikikumbatie kifuani kama mtoto, na shati langu la pekee likageuka jeupe lote.

Begi lilifika kesho yake, naondoka.