Marehemu wetu hawakumtuma mtu vitani

Bagamoyo, Jumapili usiku

Wengi wakisimulia vita vya Iraki huanzia New York, tarehe 11 Septemba 2001. Mimi siwezi. Naanzia Oysterbay, Dar es Salaam, barabara ya Laibon, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Nilikuwa kijana, nimetoka huku kwetu kwenda kukaa kwa shangazi Kinondoni. Asubuhi, saa nne na nusu imepita, madirisha yakatikisika, vyombo vikalia kabatini, shangazi akatoka uani anamtaja Mungu. Jirani akasema ni mtungi wa gesi umelipuka. Kufika adhuhuri redio ilikuwa imeshatangaza: ubalozi wa Marekani umepigwa bomu, na wa Nairobi vilevile, karibu wakati mmoja.

Kwetu walikufa watu 11. Nairobi walikufa 213, na wengi wao hata kazi ubalozini hawakuwa nayo. Walikuwa kwenye jengo la jirani lililoporomoka, kwenye mabasi, au wanapita kwa miguu. Kati ya wote 224, Wamarekani walikuwa 12. Siitaji hesabu hii ili kupunguza msiba wa mtu. Naitaja kwa sababu mtu akisema kwamba siku ile ugaidi uliipiga Marekani, nataka akumbuke majeneza yaliingia nyumba za akina nani.

Tarehe 20 Agosti, arobaini ya marehemu wetu haijafika, Rais Bill Clinton aliamuru makombora yarushwe pande mbili siku moja. Upande mmoja ni kambi za Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, kundi lililolipua balozi zile, huko Afghanistan, na hilo nalielewa. Upande wa pili ni kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum Kaskazini. Hoja ilikuwa kwamba pale panatengenezwa kemikali ya kuundia sumu ya kivita iitwayo VX, na ushahidi uliotolewa ni sampuli ya udongo uliochotwa karibu na kiwanda. Kiwanda kile kilikuwa kikitoa dawa za malaria, dawa za mifugo na nyinginezo kwa nchi maskini. Mlinzi wa usiku alikufa. Madai ya sumu hayajathibitishwa mpaka leo.

Hapo ndipo ninapochomwa. Makombora yale yalirushwa kwa jina la watu wetu. Sijapata kusikia kwamba kuna aliyekwenda kuwauliza wafiwa wa Dar es Salaam kama wangependa dawa za malaria za Waafrika wenzao ziteketezwe ili mioyo yao ipoe. Walipigwa hapa, jibu likaenda Sudan, na sisi tukahesabiwa kuwa ndio sababu.

Na haikuwa kwamba njia nyingine haikuwepo. Wapelelezi walikuja, walifanya kazi na polisi wetu na wa Kenya, wakafuata watu mmoja mmoja. Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa kwetu Visiwani, alikamatwa Cape Town mwaka 1999. Mwezi Mei 2001 yeye na wenzake watatu walitiwa hatiani mbele ya mahakama ya Manhattan, New York, ushahidi ukisomwa hadharani, mawakili wao wakiuliza maswali. Ilichukua karibu miaka mitatu, na hakuna nchi iliyovamiwa. Inaniuma kufikiri kwamba mahakama ile ipo mwendo mfupi tu kutoka palipokuwa na minara miwili iliyoangushwa Septemba 11, na kwamba baada ya Septemba ile hakuna aliyetaka tena kusikia habari za mahakama.

Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliandika kwenye insha kwamba Marekani iliivamia Iraki kwa sababu Saddam Hussein, rais wa Iraki, ndiye aliyelipua minara. Ameandika kwa uhakika, bila kusitasita. Sikumkasirikia. Mwezi Septemba 2003 gazeti la Washington Post lilichapisha kura ya maoni: asilimia 69 ya Wamarekani waliona yawezekana kabisa kwamba Saddam alihusika mwenyewe. Siku chache baadaye Rais George W. Bush alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba hawana ushahidi wa jambo hilo. Lakini wakati anasema hivyo, Baghdad ilikuwa imeshaanguka tangu Aprili. Kama watu wazima wenye magazeti yote ya dunia walichanganya, mtoto wa Bagamoyo aliyezaliwa baada ya vita atalaumiwa kwa lipi?

Nilikaa naye tukapitia jinsi jambo lilivyojengwa. Mchana wa Septemba 11 wenyewe, moshi haujatulia, maandishi ya msaidizi wa Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld yanaonyesha waziri akitaka taarifa upesi, aone kama zinatosha kumpiga Saddam papo hapo, si bin Laden peke yake. Siku tatu baadaye Bunge la Wawakilishi lilimpa rais ruhusa ya kutumia nguvu kwa kura 420 dhidi ya moja. Hiyo moja ni ya Barbara Lee wa California, aliyesimama na kuwaomba wenzake wasubiri kidogo. Alitukanwa na kutishiwa maisha. Kila nikimfikiria yule mama namheshimu zaidi, maana kusema "tusubiri" mbele ya watu wenye msiba ni kazi ngumu kuliko kushika bunduki.

Iraki yenyewe ilifuata kwa hatua. Azimio 1441 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipita mwezi Novemba 2002 kwa kura zote 15, likiitaka Iraki ifungue milango kwa wakaguzi wa silaha. Wakaguzi wakaingia, wakaongozwa na Hans Blix. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, akaketi mbele ya Baraza akiwa na kichupa mkononi, kuonyesha jinsi unga kidogo tu wa kimeta unavyoweza kuua. Tarehe 7 Machi Mohamed ElBaradei wa shirika la nguvu za atomiki akaliambia Baraza hilohilo kwamba hati zilizodai Iraki inanunua urani kutoka Niger si za kweli. Blix naye akasema anahitaji miezi, si miaka. Hakupewa hata wiki mbili. Tarehe 20 Machi mabomu yakaanza kushuka. Silaha za maangamizi zilizotajwa hazikuonekana, na Powell mwenyewe baadaye alisema hotuba ile ni doa katika maisha yake ya utumishi.

Hii ni sawa na mtu kukusanya rambirambi msibani, kisha akazipeleka kulipia deni lake la zamani. Fedha ni za kweli, machozi ya waliotoa ni ya kweli, marehemu yupo. Lakini hazikwenda kwa marehemu.

Sitaki mtu anielewe vibaya kuhusu Saddam. Halabja, mwezi Machi 1988, aliwapiga Wakurdi kwa gesi ya sumu, wakafa maelfu, wakiwemo watoto mikononi mwa mama zao. Alistahili kushtakiwa kwa hilo, na wanaotetea uvamizi hulitaja. Nawasikiliza. Ila hoja hiyo ina kasoro moja ambayo hawaigusi: gesi ile ilipotumika, serikali za Magharibi zilikuwa bado zinafanya naye biashara. Uovu wake ulikaa miaka 15 bila kuwa sababu ya vita. Ulikuja kuwa sababu pale tu nyingine zilipoanza kuvuja. Na waliolipa gharama si Saddam peke yake: raia zaidi ya laki moja wa Iraki walikufa katika miaka iliyofuata, na kundi la al-Qaeda la Iraki, ambalo halikuwepo chini ya Saddam, lilizaliwa ndani ya vita hivyo hivyo vilivyoitwa vya kumaliza ugaidi.

Sisi watu wa mji huu tungepaswa kuwa wepesi kuliona hili. Mwaka 1888 Wajerumani wa Kampuni ya Afrika Mashariki walipochukua forodha za pwani na watu wakasimama chini ya Abushiri bin Salim, kule Berlin Kansela Bismarck alihitaji fedha ambazo Bunge halikuwa tayari kuzitoa kwa ajili ya kuiokoa kampuni ya biashara. Wakati huohuo Kardinali Lavigerie alikuwa anazunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Basi vita vikapewa jina hilo. Mwezi Januari 1889 Bunge likapitisha marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha utumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani, Hermann Wissmann akaja na askari aliowaajiri Misri na Msumbiji, na mwezi Mei akaishambulia ngome ya Abushiri hapa hapa Bagamoyo. Desemba Abushiri akanyongwa Pangani.

Utumwa ulikuwa dhambi ya kweli. Atakayebisha aende misheni ya Bagamoyo, iliyowahifadhi waliokombolewa tangu 1868, au awaulize wazee wetu ambao mabibi zao walifika pwani kwa minyororo. Lakini angalia kilichofuata. Bendera ikapandishwa, boma likajengwa, na Wajerumani hawakuufuta utumwa. Mwaka 1904 walitoa amri kwamba watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru, na waliokwisha kuwa watumwa wakabaki watumwa. Sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Miaka 33 baada ya zile marki milioni 2.

Ndiyo maana siku hizi, nikisikia serikali yoyote ikieleza kwa nini inaingia nchi ya mwenzake, siangalii kama uovu unaotajwa ni wa kweli. Mara nyingi ni wa kweli. Naangalia kama anayepigwa ndiye aliyeutenda, kisha nasubiri kuona kama mvamizi ataendelea kuujali uovu huo akishaingia.

Mjomba wangu hapendi nikisema hivi, na ana haki yake. Alivuka mto Kagera na jeshi letu. Leo mchana tulikuwa kibarazani kwake, nikamweleza habari za insha, akaniuliza: "Na sisi tuliofika Kampala, tulikuwa wavamizi?"

Nilimjibu kwamba mwaka 1978 Idi Amin mwenyewe ndiye aliyeingia, akaua watu wetu, akatangaza kwamba ardhi ile ni yake, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere aliposema tunayo sababu, kila mtu wa Kagera angeweza kukuonyesha sababu hiyo kwa kidole. Hadi mpakani sina swali. Swali langu linaanzia Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, na kuendelea mbele, na si mimi wa kwanza kuliuliza: Julai 1979, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu waziwazi.

"Ungemwacha Amin ajipange arudi?" akasema. "Walibya walikuwa wameshafika kumsaidia. Tungekaa mpakani mpaka lini?"

"Hapo una hoja, mjomba. Lakini Mutukula mliisawazisha kwa matingatinga."

Alikaa kimya, kisha akasema ndiyo, na kwamba Mwalimu alipopata habari alikasirika na amri ikatoka raia wasiguswe tena. Akaongeza kwamba kuna nyumba moja pale anaikumbuka, lakini hataki kuieleza leo. Nimemwomba aniruhusu nimlete yule kijana Ijumaa baada ya swala, amuulize mwenyewe. Amekubali, kwa sharti moja: mimi nisidakie.