Siku tuliyokwama na babu njia ya Koga

Ilikuwa 1987, mvua zimekolea kwelikweli, mimi na babu mzaa baba tunaenda msibani Inyonga, tumepanda lori la mizigo kutoka Tabora maana mabasi yalishagoma kupita. Wanaoijua ile njia leo kwa lami hawawezi kuelewa, enzi zile ukishaipita Sikonge na Ipole ni miombo tu na mbuga za udongo mweusi, na kabla hujaufikia mto Koga lazima gari izame. Ya kwetu ikazama mpaka difu.

Dereva anakanyaga mafuta, tairi zinarusha tope, utingo anapiga kelele sukumeni sukumeni, abiria tunasukuma na gari ndo kwanza inazidi kukaa. Babu hakusukuma. Alizunguka lori, akachomeka fimbo kwenye tope aone linaishia wapi, afu akasema, "Zima gari mwanangu. Leteni mashoka."

"Mzee, umewahi kuendesha lori wewe?"

"Sijawahi. Nimetandika barabara Bama."

Kwamba babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika, na kwamba Vita Kuu ya Pili ilimfikisha Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, nyumbani wote tulijua, ila vita yenyewe alikuwa haiongelei, ukimuuliza aliua wangapi na yeye anakuuliza kama umeshachota maji. Siku ile bila kuulizwa akafunguka, mikono ikiwa kazini.

Kwanza akachimbisha mifereji pembeni maji yatoke, hakutaka kusikia habari ya magogo kabla ya hapo. Ndo yakakatwa magogo unene wa paja, marefu kuzidi upana wa gari, yakalazwa kukingama njia, yamebanana, lililopinda analitupa porini bila hata kusema. Juu ya ncha zake kila upande akalaza gogo refu na kulifunga kwa kamba za magome ya miti, zile zile za warina asali.

Huku anafunga anasimulia. Njia yenyewe ilikuwa ya kutoka Tamu mpaka Kalewa, bonde la Kabaw, vilima na msitu kila upande. Mwaka 1944 Wajapani waliitumia kupeleka silaha kwenda kuishambulia Imphal, India, wakapigwa, wakarudi na njia hiyo hiyo, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikawafuata nyuma kuanzia Agosti, katikati ya masika ya kule. "Tuliteka barabara ambayo haipo," alisema. Malori ya Wajapani yamezama mpaka vioo, madaraja wameshayavunja, na lazima magari ya jeep yapite. Basi askari anaweka bunduki anashika panga, mnatandika magogo leo, kesho tope limeyameza, mnatandika mengine juu yake. Chakula kinadondoshwa na ndege kwa parachuti, ruba wamekuganda miguuni, vidonge vya malaria vinakugeuza ngozi njano. "Na unakata gogo Mjapani yuko kilimani anakutazama."

Shuleni kwetu hiyo vita ilikuwa sentensi mbili, askari wetu walipelekwa Bama basi, na mimi nilidhani walikwenda kufyatua bunduki tu. Kumbe kwa babu adui mkubwa alikuwa tope, Mjapani anafuata.

Jioni inaingia dereva akawasha, gari ikapanda magogo taratibu, yakalia, gogo moja likakatika, babu anapiga kelele usisimame usisimame, ikatoka. Abiria walishangilia hao!

Dereva akamtoa mtu mbele babu akakaa yeye, mimi nimebanwa katikati karibu na gia, na mzee sasa hanyamazi tena. Akafika kwenye Kalewa yenyewe, waliiteka Desemba, mainjinia wakatupa daraja la vyuma linaloelea juu ya mto Chindwin, kama mita 350, kwa siku chache tu.

"Mita 350, linaelea?" dereva akacheka. "Hapo mzee unatupiga kamba. Magogo nimekubali, ila daraja hapana."

Babu akakasirika, wakabishana mpaka Inyonga.