Mwasumini wa mama leo umenyolewa

Jamani, mikono yangu leo haitazamiki.

Ule mwasumini wa uani kwetu Wete, Pemba, mama aliupanda alipoolewa. Tangu ahamie Unguja kwa dada, miaka minne sasa, hakuna aliyeugusa. Umepanda ukuta, umelala juu ya bati, na maua yenyewe ya kuhesabu.

Mama kanambia kwenye simu: "Ukate kipupwe hichi, kabla joto halijarudi. Asumini hutoka kwenye chipukizi jipya, si kwenye tawi kongwe."

Basi asubuhi nikaanza. Panga halikufaa, lilichanachana matawi tu. Nikaazima mkasi kwa jirani. Makavu kwanza, kisha yaliyosongamana, hadi ukabaki kimo cha kifua changu.

Jirani akachungulia: "Mwanangu, unaunyoa au unauchinja?"

Hata mimi sikuwa na hakika.

Katikati ya msongamano ule nikakuta kamba. Kamba ya kuanikia nguo, ile tuliyodhani imeibiwa! Shina limeikumbatia hadi limeimeza. Na kibanio kimoja cha mbao bado kimeng'ang'ania kipande cha kanga kisichozidi kiganja. Rangi imekwisha. Pindo jeusi linaonekana.

Sikukitoa.

Nikampelekea mama picha. Kajibu kwa sauti: anacheka, kisha kimya kidogo, kisha, "Kanga ya fungate hiyo."

Nyie wenye miasumini, ukishakatwa hivi huchukua muda gani kuchipua? Na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, bado kuna wanaovaa huko mtaani kwenu?