Nilivyowapigia majirani hesabu kabla ya kura ya hati fungani za shule, Texas

Tangu 2019, sheria ya Texas inataka kila swali la kura la hati fungani za shule (mkopo wa wilaya ya shule unaolipwa kwa kodi ya mali) liwe na tamko la herufi kubwa kwamba hili ni ongezeko la kodi ya mali. Huandikwa hata kama kiwango cha kodi hakipandi hata senti. Mtu akiyakutia maneno hayo kituoni kwa mara ya kwanza, basi, kura yake imekwenda. Kwa hiyo kwenye kamati ya wakazi nilijipa kazi moja: kila mwenye nyumba aijue tarakimu yake mapema.

Hesabu yenyewe naianzia kwenye barua ya ofisi ya uthamini, si kwenye bei aliyonunulia. Toa punguzo la mtu anayeishi ndani ya nyumba yake, ambalo kwa kodi ya shule sasa ni dola 140,000. Nyumba ya dola 300,000 inabaki na 160,000. Gawa kwa 100, maana kiwango cha kodi huhesabiwa kwa kila dola 100 za thamani, kisha zidisha kwa nyongeza inayoombwa. Senti 5 zinakuwa dola 80 kwa mwaka, hazifiki 7 kwa mwezi. Wengi husahau kutoa lile punguzo, wakapata 150 na hasira juu yake. Wengine hawajawahi hata kuliomba! Fomu ni bure, na akishaijaza anaokoa pesa nyingi kuliko nyongeza yote anayoigombania.

Wazee wa miaka 65 na zaidi wana dari ya kodi ya shule kwa nyumba wanayoishi. Hati fungani haiwapandishii, labda waongeze chumba. Hawa ndio wapiga kura wa uhakika, kwa hiyo niliwaanza wao.

Swali lililorudi kila baraza: mbona pesa hizi haziongezi mishahara ya walimu? Kodi ya shule ina vyungu viwili, cha kuendesha na cha kulipa deni. Cha deni hulipia majengo, mabasi, vifaa, mshahara haugusi. Uwanja mkubwa wa michezo nao lazima uwe swali la peke yake, kwa hiyo unaweza kukubali madarasa ukaukataa uwanja.

Vipeperushi tulichapa kwa fedha zetu. Mashine ya shule usiiguse: fedha ya umma inaruhusiwa kueleza mpango, si kuupigia debe.

Kuhusu kujiandikisha, mwisho ni siku 30 kabla ya kura. Mpangaji ana haki sawa na mwenye nyumba, ila lazima awe raia. Mwenye grinikadi (kibali cha ukazi wa kudumu, si uraia) asitie saini fomu hata akishawishiwa na mtu mwema. Ni kosa la jinai na linaweza kumfukuzisha nchini.

Karatasi ya kura ya Kiswahili hakuna. Asiyesoma Kiingereza anaweza kuingia na msaidizi amtakaye, mradi si mwajiri wake wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi ataapishwa kwanza, kwa hiyo msimpeleke mtu mwenye haraka.