Pasaka Kwanza

"Mama, madini joto ni nini?" Mwanangu alikuwa anasoma pakiti ya chumvi jikoni. Nikamjibu kwamba ni ya kuzuia shingo isivimbe. Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nikabaki pale, maharage yanachemka, namuona Bi Mkubwa na mikono yake juu.

Bi Mkubwa amekulia Rungwe, miaka mingi kabla ya sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi ile ya miaka ya 1990. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa na rovu, uvimbe wa ile tezi ya mbele ya shingo, na hakuna aliyelihesabu kuwa ugonjwa. Lilikuwa shingo tu. Tulishtuka alipoanza kulalia mito mitatu, na tonge la ugali likawa linampalia mpaka machozi yanamtoka. Tukapanda Coaster, huyo Mbeya.

Foleni, damu, ultrasaundi, sindano ya kuchukua sampuli shingoni: nayaruka. Majibu ya sindano yalikuja mazuri. Vinundu vingi, saratani hakuna. Bi Mkubwa akaanza kujifunga kitenge vizuri, kwake safari imeisha.

"Bado, mama," daktari akasema, kijana mdogo tu. "Hebu inua mikono yote miwili juu, ibane masikioni."

"Mwanangu, mimi Mmoraviani wa zamani. Sisi hatuinui mikono."

Daktari alicheka, ila hakumwachia. Akainua. Sweta la kijani likapanda na mikono, saa ya ukutani ikawa inagonga, na mwanzoni hapakuwa na kitu. Nilitaka hata kumwambia daktari amwache mama wa watu. Kisha mishipa ya shingo ikaanza kututumka kama mizizi ya mparachichi. Uso ukajaa, ukaiva, midomo ikabadilika rangi. Dakika haijatimia, pumzi ikatoka na mluzi mwembamba.

"Shusha, mama. Kaa."

Rovu, akatueleza, limeshuka nyuma ya mfupa wa kifua. Mikono ikipanda, linaziba mlango wa kifua na kubana mishipa ya damu pamoja na koo la hewa. (Baadaye nilisoma kwamba kipimo hicho kilielezwa na daktari Mwingereza, Pemberton, mwaka 1946. Hakitaki mashine wala umeme.) "Si saratani," akasema, "ila pale lilipokaa ndipo tatizo. Hili la kutoa."

Mimi nilijua shingo inapasuliwa kwa saratani, basi. Nikaropoka kuhusu kinundu changu cha shingoni kilichoonekana mwaka wa nyuma yake, kilichokuwa kinaninyima usingizi. Ukubwa? Milimita 8. Homoni kwenye damu? Sawa. Akaiangalia picha: kingo hazijachongoka, hakuna vichembe vya chokaa, hakijasimama wima kuliko upana wake. "Hicho hata sindano hakihitaji. Utakuwa unakuja tunakiangalia." Nikajiona nimedharauliwa. Sijui kwa nini, maana ndilo jibu nililokuwa naliombea.

Bi Mkubwa alikuwa na swali moja. "Na sauti yangu?"

Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Neva ya sauti inapita nyuma ya tezi. Ikiguswa sauti hukwaruza, mara nyingi hurudi, mara chache hairudi. Kuna vitezi vinne vidogo vinavyotunza kalsiamu, navyo vimejibanza hapohapo. Na tezi ikitolewa yote, ni kidonge kila siku, maisha yote.

"Inaweza kusubiri?"

"Wiki chache, mradi pumzi isizidi kubana. Ikizidi, hata usiku wa manane mje."

"Basi Pasaka kwanza."

Pasaka Wamoravian wanakwenda makaburini alfajiri kuimba, na sauti ya kwanza anaianzisha yeye. Nilinuna mpaka Kiwira. Aliimba ile alfajiri, akivuta pumzi katikati ya mistari ambapo wimbo haukumpa nafasi, nami nyuma yake nimeshika simu yenye namba ya dereva wa teksi.

Wakamtoa rovu baada ya hapo, salama. Analalia mto mmoja. Sasa anaimba sauti ya pili. Anasema aliomba mwenyewe kuhamishwa, na mwalimu wa kwaya anasema yeye hakuombwa na mtu. Sijawakutanisha.

Linalomuudhi ni kile kidonge, kinamezwa tumbo tupu na chai isubiri nusu saa. Juzi kanipigia simu kulalamika: "Yule daktari wako alieleza yote, habari ya chai akaificha."