Lita 530 za Baridi

Karatasi ile niliiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, na mwandiko wangu wakati ule ulikuwa wa kujivunia. Hati ya upungufu: lori limetoka Dar es Salaam na lita 36,000 za mafuta ya esanse, limefika Lubumbashi na lita 35,470. Pungufu, lita 530. Nikamgeuzia dereva karatasi, nikamwonyesha kwa kidole pa kusaini, kama ninayempa mtu risiti ya chumvi.

Ilikuwa Juni 2008. Nilikuwa na miaka 22, na miezi minne tu kazini, kwenye depo moja ndogo nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Matangi matatu yamelala juu ya miguu ya zege, yamezungushiwa ukuta mfupi unaonifika kiunoni. Miezi yote minne nilidhani ukuta ule ni wa kuzuia mbuzi. Kumbe umejengwa ili tangi likipasuka mafuta yabaki mle mle ndani, yasishuke barabarani kutafuta moto.

Watu wasiofika kwetu wakisikia Kongo wanafikiria jasho mwaka mzima. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na Juni alfajiri mdomo unatoa moshi hata kwa asiyevuta sigara. Walinzi hukaa getini wameikumbatia mbabula ya makaa. Pale kwetu mzee mmoja, fundi wa matangi, alikuwa haanzi kazi kabla mbabula haijatolewa nje ya geti na kuvushwa ng'ambo ya barabara, upande unakotoka upepo. Walinzi walimchukia kwa hilo kila asubuhi. Sote tulimwita Papa tu. Alikuwa amefanya kazi ya mafuta tangu kabla sijazaliwa, na kwa kuwa hakuwa na diploma, mimi niliyekuwa nayo ndiye niliyekuwa nasaini.

Lori lilikuwa limeingia usiku, baada ya kulala siku tatu kwenye foleni ya Kasumbalesa. Dereva alikuwa Mtanzania, mtu mzima, mpole, amejifunga kikoi juu ya suruali kwa ajili ya baridi. Kilomita karibu 2,000: Dar, Mafinga, Tunduma, halafu Zambia yote ile, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, mpaka kwetu. Nilimuuliza amebeba nini, akasema, "Petroli, dogo." Nikaanza kuandika petroli. Papa akaninyang'anya kalamu.

Hapo ngoja nieleze, maana wenzetu wa pwani hucheka. Kwao petroli ni ile ya gari dogo. Kwetu hiyo ni esanse. Petroli ni ya taa, na dizeli yao ni mazutu yetu. Kiswahili kimoja, lakini ningeliandika neno la dereva kwa sikio la Lubumbashi, esanse ingeshushwa kwenye tangi la mafuta ya taa. Baada ya wiki moja mama fulani wa mtaa wa Katuba angekaa mezani na watoto wake, akawasha koroboi.

Basi, nikapanda kupima. Lori lilikuwa na vyumba vitano, kila kimoja na kifuniko chake na sili yake. Sili zote zilikuwa nzima. Nilipolegeza kifuniko cha kwanza kikapumua, fyuuu, na harufu ikanipanda mpaka machoni. Nikashusha fimbo ya shaba ikagusa chini, nikaipandisha. Esanse haikawii kwenye shaba: alama ya umajimaji unaiona kwa pumzi mbili, ya tatu imepaa. Kwa hiyo fimbo unaipaka kwanza dawa inayogeuka rangi pale mafuta yalipofika, unasoma, unatafuta lita kwenye jedwali la lori lile. Chumba cha kwanza, chini ya kiwango. Cha pili, chini. Vyote vitano, chini.

Sili nzima, mafuta pungufu. Mwenye akili angesimama hapo ajiulize. Mimi nikaona jibu ni moja tu: huyu ni mwizi fundi.

Dereva hakupiga kelele. Alisema, "Dogo, tangu Dar sijafungua hata kimoja. Sijauza hata chupa." Shefu wa depo akamwambia mambo ni kwenye karatasi, asaini, kilichopungua kitakatwa kwenye nauli ya mzigo. Akasaini. Mkono wake ulikuwa umepasuka kwa baridi, na aliandika jina lake herufi moja moja, polepole, akikandamiza.

Tukashusha. Papa alifunga kwanza waya wa ardhi, koleo lake likauma chuma kitupu cha lori mahali alipokwangua rangi, kabla hata mpira haujaguswa. Akafungua valvu kidogo, esanse iingie taratibu mpaka mdomo wa bomba la ndani ufunikwe, ndipo akaongeza mwendo. Nilikuwa nimeshamwona akifanya hivyo mara nyingi, na mara zote niliona anatuchelewesha.

Ilipokwisha, shefu akanivuta pembeni. "Hawa watu wanakuwa na vyumba vya siri. Panda uchungulie ndani, pengine mafuta yamebaki mule."

Nilipanda mbio. Sikutaka kuambiwa mara mbili. Lita 530 zilikuwa zimeniingia kichwani kama deni la baba yangu. Nilikuwa nimevaa pulova ya nailoni ya mitumba, nyekundu, nzuri sana, na mfukoni nilikuwa na simu yenye kurunzi. Nikapiga magoti kwenye kifuniko cha chumba cha tatu, nikawasha kurunzi, nikaanza kuinamisha kichwa.

"Mwana."

Papa hakupaza sauti. Alikuwa amesimama chini, mikono imeachana na mwili kama mtu aliyeona nyoka.

"Usizime. Usiguse kitu ata kimoja. Rudisha mukono nyuma, ushuke vile vile ulivyo."

Nikashuka na kurunzi ikiwaka mchana kweupe. Akanitembeza mpaka kwenye uzio, mbali, upepo ukitupiga usoni, ndipo akaniambia nizime. Halafu akasema, "Sasa vua pulova."

Nikaivua. Ilipopita kichwani ikalia tatatata, nywele zikasimama. Kila mtu wa Lubumbashi anaijua sauti ile; Juni hewa inakauka mpaka usiku ukivua nguo gizani unaona cheche za buluu.

"Umesikia?" Papa akauliza. "Ile njo ulipanda nayo juu kule."

Miguu yangu iliniishia. Nilikaa chini kwenye nyasi kavu.

Mimi nilikuwa naogopa tangi lililojaa. Lililojaa, kumbe, ni lile lililotulia: juu ya esanse kuna mvuke mzito mtupu, na moto unakosa hewa ya kula. Ukilimwaga, kila lita inayotoka inavuta lita ya hewa ndani. Baadaye nilisoma vipimo vyake: mvuke wa esanse ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche ambayo hata macho hayaioni inatosha. Tena esanse haingoji joto. Mazutu mpaka ipashwe kupita digrii 50 na kitu ndipo mvuke wake ushike. Esanse inatoa wa kutosha hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, kwa hiyo Juni yetu kwake ni kiangazi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu. Unateleza chini kama ukungu wa mtoni, unaingia mitaroni, unatafuta mlango, na ukikutana na mbabula ya mlinzi mita kadhaa mbele, moto unarudi kwa njia ile ile uliyojia. Mafuta yenyewe yakikimbia ndani ya mpira yanajisugua na kujikusanyia umeme kama pulova yangu. Waya wa Papa ulikuwa unaupa njia ya kwenda ardhini.

Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kule Kivu ya Kusini, watu wakaja na ndoo, na zaidi ya 200 wakafa. Nilisikia redioni nikiwa kwenye basi. Jirani yangu alikuwa anauliza nani aliwasha kiberiti. Niliangalia nguo za watu mle ndani ya basi, sikuweza kumjibu.

Lakini asubuhi ile, pale kwenye nyasi, Papa hakuwa na haja ya kunihubiria. Aliuliza tu, "Sasa ulikuwa unatafuta nini mule?"

"Lita 530."

Akacheka mpaka akakohoa. Akatoa mfuko wa nyuma daftari la shule lililokunjika, lile la kurasa 48, ambalo nilidhani anaandikia madeni ya mkate. Kila ukurasa: tarehe, namba ya lori, halafu safu ya joto. Kumbe kila lori, kabla ya kushusha, alikuwa anateremsha kipimajoto kwa kamba mpaka katikati ya mafuta, anangoja, anasoma, anaandika. Kwa miaka. Hakuna aliyewahi kumwomba daftari lile.

"Leo: 18. Leta karatasi ya Dar."

Niliileta. Ilikuwa imeandikwa pale pale, kwenye kisanduku nisichowahi kukisoma: joto la kupakia, 30.

Akaokota kipande cha mkaa, akaandika kwenye boksi la sabuni. Esanse ikipoa digrii moja inasinyaa kama lita 1.2 kwa kila lita 1,000. Lita 36,000, basi, ni lita 43 kwa kila digrii. Digrii ni 12. Nikapiga hesabu mimi mwenye diploma: lita 516. Zimebaki 14.

"Izo 14 zimelamba tangi, zingine zimepaa," Papa akasema. "Mutu hakuiba kitu. Baridi njo ilikula."

Wala baridi haikula kitu, ukitaka kuwa mkali wa maneno. Uzito ulikuwa ule ule uliopakiwa Dar. Ungeweka lori kwenye mizani ungeukuta wote. Ndiyo maana wenye biashara hii wanaojiheshimu huzirudisha lita zote kwenye joto moja la makubaliano, kwingine 15, kwingine 20, kabla ya kuitana wezi. Sisi tulikuwa tunalinganisha lita za pwani na lita za Katanga kama vile ni ndugu pacha.

Nilikwenda kwa shefu na boksi la sabuni mkononi. Alilitazama muda mrefu. "Nimwambie nini mwenye mali? Kwamba esanse yake ilisikia baridi?" Alikataa kuchana hati ya kwanza. Mwisho, kwa kuwa Papa alikuwa amesimama mlangoni na hakuonekana kama mtu atakayeondoka, akakubali niandike ya pili, yenye digrii, akazipiga muhuri zote mbili ziende pamoja. Nilikuja kusikia kwamba dereva alikatwa nusu. Nusu ya kitu ambacho hakikupotea. Mpaka leo sijui kumwita mkataji jina gani zuri.

Nilimkuta dereva amekaa kivulini mwa tairi, anachovya mkate kwenye chai. Nikasema, "Kaka, nisamehe. Mafuta yalipoa tu." Nikamweleza. Alisikiliza akitafuna.

"Mafinga nilijifunika mablanketi mawili," akasema. "Sikujua na mzigo nao unajikunyata."

Alirudi Oktoba. Oktoba yetu, kabla mvua hazijaanza, ni mwezi wa watu kulala barazani. Lori lilikuwa limeungua jua siku nne Kasumbalesa. Nilipanda nimevaa shati la pamba, nimeshika kwanza chuma cha ngazi kwa kiganja kitupu. Kifuniko kilipumua kwa nguvu kuliko siku ile. Na mafuta yalikuwa juu, karibu na shingo ya chumba. Pale ndipo nilipoielewa ile nafasi tupu ambayo wapakiaji huiacha, niliyokuwa naiona kama uvivu. Wangejaza mpaka mdomoni, esanse ingekuwa inamwagika njia nzima kuanzia Zambia.

Nilipima vyumba vitano, nikashuka, nikajumlisha mara mbili. Imepakiwa kwenye digrii 27, imefika na 32. Ziada, lita 210.

Shefu aliangalia hesabu, akafunga daftari taratibu, akasema kuna jua, twende tukanywe kitu. Dereva hakusogea. Alikuwa ameegemea bampa, na kwenye mfuko wa shati lake palichungulia kichwa cha kipimajoto kipya ndani ya kasha la mswaki.

"Dogo," akasema, "mara ile niliiba 530. Leo nimekuleteeni zawadi. Niandikie."

Niliingia ofisini nikafungua droo. Fomu zilizokuwamo zilikuwa za aina moja tu, rundo zima: Hati ya upungufu. Nikachukua ya juu, nikaweka rula, nikalikata lile neno la mwisho kwa kalamu ya bluu, na juu yake nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: ziada.