Barazani kwa Meneja

Juzi tukipita Muheza basi zima liliziba pua: makapi ya mkonge yaliyolala na maji. Mwanangu akauliza nani kafa. Mimi nilishafika kwingine, barazani kwa meneja, nimeshika misumari ya baba.

Meneja mwenyewe hakuwepo tena. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, 1967, kamba za nailoni zikavunja bei, na nyumba ile ikawa inafunguliwa wakija wakubwa tu. Baba aliitwa kutengeneza madirisha. Mimi, mtoto wa kambini, sikuwahi kuvuka ule ua wa michongoma.

Nyumba ya Wajerumani ile. Imeinuliwa, unaipanda kwa ngazi. Kuta za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba nilikaa dirishani nikakunja na miguu. Dari huko juu, na chini ya bati matundu ya kutolea joto. Jiko limetengwa nje, moshi usimfikie bwana. Saa saba mchana, jua linachoma, ndani baridi kama mtungini. Niliipenda, siwezi kusema uongo.

Baba akanituma patasi barazani. Baraza lilizunguka nyumba nzima, ila upande mpana ulitazama bondeni. Nikaegemea nguzo. Kambi yote ilikuwa pale chini, safu kwa safu, milango yote imeelekea huku. Nikahesabu kuanzia kisimani: wa nne, wetu. Kanga ya mama ya njano kwenye kamba. Mara mama mwenyewe akatoka na ndoo, akainama, akamwaga maji, akasimama kujinyoosha mgongo. Nikampungia mkono. Nikapunga tena, kwa mikono miwili. Hakuinua macho. Kule kwetu hakuna aliyekuwa na mazoea ya kutazama juu.

Jioni nikamsimulia babu, ambaye SILABU, ofisi iliyokusanya vibarua wa mashamba ya mkonge, ilimtoa Kigoma akaja kujaza vipande, zile kadi za kazi za siku 30. Akacheka. "Meneja chai yake alikunywa pale alfajiri. Mlango usiofunguka, mnyapara anatumwa. Uwe na homa, usiwe nayo."

Sasa najenga Pongwe. Fundi ananisifu: dari juu, matundu chini ya bati, baraza pana, mzee unaijua hewa! Nanyamaza. Mke wangu yeye kauliza tu mbona baraza nataka litazame vyumba vya wapangaji. Nimemwambia ni kwa ajili ya upepo.